Mtoto Anayecheua, Mtoto Anayelia Tumbo

Kwenye kliniki za watoto wa chini ya miaka mitano, malalamiko mawili hayakosekani. La kwanza ni la mama mwenye mtoto mchanga: ananyonya, anacheua, analia, anajinyonganyonga, usiku halali na watu wazima hawalali. La pili ni la mzazi wa mtoto wa miaka minne, mitano au saba: tumbo linamuuma, linaacha, linarudi, ameshapewa dawa za kila namna na vipimo havionyeshi kitu. Vitabu vya tiba huyaweka katika sura mbili tofauti. Kwa baadhi ya familia, hata hivyo, ni safari moja ya mtoto yuleyule, na wazazi huifunga safari hiyo wakiwa wamechoka, wameishiwa fedha na wamelaumiwa na kila aliyepita sebuleni.

Ninachokiona baada ya kuyatazama mambo haya kwa upana ni kwamba watoto wengi wa aina hii wanahitaji kufuatiliwa kwa muda kuliko wanavyohitaji dawa, na kwamba madhara mabaya zaidi wanayoyapata hutokana na haraka yetu watu wazima ya kufanya jambo, lolote lile, ili kilio kikome. Kuna wachache ambao kweli ni wagonjwa, na hao ndio wanaoumia zaidi haraka hiyo inapotumika pasipostahili.

Tuanze na kucheua. Umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo unaojifunga chakula kikishapita. Msuli huo hulegea kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kwa siku, hata kama hakuna kinachomezwa, na hapo vilivyomo tumboni hupata upenyo wa kupanda. Ndivyo ilivyo kwa kila binadamu. Mtu mzima ana umio mrefu, hukaa wima, hula vyakula vizito, kwa hiyo kinachopanda hurudi chini bila yeye kujua. Mtoto wa miezi miwili ana umio mfupi na tumbo dogo, chakula chake chote ni majimaji, na sehemu kubwa ya siku amelala chali. Tena anakunywa sana. Mtoto mchanga hunywa takriban mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 angelazimika kumaliza lita tisa ili kufikia kiwango hicho. Ukilifikiria hilo, la kushangaza ni kwamba maziwa mengi hivyo hubaki tumboni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwauliza wazazi 948 wa eneo la Chicago, Marekani, kuhusu watoto wao wenye afya. Nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Kwenye mwezi wa nne walifikia asilimia 67, kisha idadi ikaanza kushuka, na walipokaribia mwaka mmoja walibaki asilimia 5 tu. Hakuna sababu ya kimaumbile ya mtoto wa Temeke au Likoni kuwa na msuli tofauti na huo. Mlima huo wa miezi, unaopanda hadi wa nne kisha ukashuka wenyewe, ndio ufunguo wa karibu kila jambo litakalofuata katika makala haya.

Swali la mzazi ni moja: wangu ni wa kawaida au anaumwa? Chombo bora cha kulijibu hakina umeme, na karibu kila mama anacho. Ni kadi ya kliniki. Ndani yake mna mistari ya ukuaji iliyopinda kuelekea juu, na kila mwezi uzito wa mtoto unatakiwa kuwekewa nukta kisha nukta ziunganishwe. Mtoto anayecheua mara kumi kwa siku, ananyonya vizuri, anacheka, na mstari wake unapanda sambamba na ule uliochapishwa, kwa kawaida hana ugonjwa. Mtoto anayecheua mara mbili tu lakini mstari wake umelala kwa miezi miwili anahitaji daktari. Tatizo ni kwamba mara nyingi uzito huandikwa kwa tarakimu na nukta haichorwi. Mama anasoma kilo 6.1, anarudi nyumbani, na hajui kama hiyo ni habari njema. Ana haki ya kumwambia muuguzi, "Naomba unichoree, unionyeshe amepanda au ameshuka," na muuguzi mwema hatachukizwa na ombi hilo.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mwezi mwingine wa kupimwa. Mtoto mchanga akitapika kijani, hiyo ni nyongo, na huenda utumbo umejisokota. Hiyo ni dharura ya upasuaji usiku huohuo. Mtoto wa wiki tatu hadi sita anayetapika kwa nguvu hadi matapishi yanaruka mbali, kisha mara moja anatafuta ziwa kwa njaa, huenda njia ya kutokea tumboni imebana kwa msuli ulionenepa. Upasuaji wake ni mdogo na huponya kabisa. Anayelia kwa vipindi akikunja miguu, akatulia akiwa amepauka, akaanza tena, kisha akapata choo chenye damu na ute, huenda sehemu ya utumbo imeingia ndani ya nyingine. Damu kwenye matapishi, homa, utosi uliovimba, usingizi usio wa kawaida, nepi zinazokaa kavu nusu siku, vyote hivi ni vya hospitali. Na mtoto ambaye hakuwahi kucheua, akaanza kutapika baada ya miezi sita, au anayeendelea baada ya mwaka mmoja bila dalili ya kupungua, achunguzwe upya. Maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mfano, hujificha vizuri nyuma ya kutapika.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Mtoto anacheua, anakohoa kidogo maziwa yanapopita vibaya, analia jioni. Jirani anasema ni chango. Zinaletwa dawa za mizizi, mtoto wa wiki sita anakunywa majani yaliyochemshwa ambayo ini na figo zake hazijaweza kuyahimili. Chango haliishi. Anatafutwa mtaalamu wa kimeo. Anafungua kinywa cha mtoto, anawaonyesha wazazi kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, anasema kimerefuka, ndicho kinachomtapisha. Kinakatwa. Kwingine tuhuma huwa ni meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni: fizi ya mtoto inaonekana nyeupe na imevimba pale chonge linapojiandaa kuota, ikiambatana na homa, kuharisha au kutapika inatangazwa kuwa ndiyo chanzo, na chipukizi la jino linachokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Jambo hili linafahamika vizuri Tanzania na Uganda, na madaktari wa meno huyaona matokeo yake miaka baadaye: machonge ya utu uzima yaliyopinda au yasiyoota kabisa. Madaktari wa watoto huyaona mapema zaidi, kwa mtoto anayevuja damu, mwenye usaha, au mwenye pepopunda. Kimeo cha mtoto huyo kilikuwa kizima. Fizi yake ilikuwa inaota jino.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, wanaowapenda watoto wao, wanaendelea kuamini? Rudi kwenye ule mlima wa miezi. Familia humaliza uvumilivu wake pale kucheua kunapokuwa kileleni, mwezi wa nne hivi. Ndipo kimeo kinapokatwa. Mwezi wa sita mtoto ameanza kukaa, anakula uji, anacheua mara chache. Nani atawaambia kuwa angefika hapo bila kisu? Kilio cha jioni nacho kina mlima wake: hufikia kilele kwenye wiki ya sita na hupungua sana kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Daktari Morris Wessel wa Marekani alikipa mwaka 1954 kipimo ambacho bado hutumika: saa tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu, kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima. Chochote kilichofanywa mwishoni mwa kipindi hicho ndicho kinachopewa sifa ya kuponya, awe mganga, shangazi au mwenye duka la dawa.

Dawa za hospitali nazo huvuna sifa hiyohiyo. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto wachanga 162 waliokuwa wakilia na kucheua baada ya kunyonya. Nusu walipewa lansoprazoli, dawa ya jamii ya omeprazoli inayopunguza asidi, na nusu dawa ya mfano isiyo na kitu. Walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 54 katika kundi la kwanza na asilimia 54 katika kundi la pili. Tofauti ilijitokeza kwingine: matatizo makubwa ya kiafya, hasa maambukizi ya mfumo wa hewa, yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa. Asidi ya tumbo ina kazi yake. Huua vijidudu vinavyoingia na chakula na maji, na mahali ambapo maji ya bomba hayanyweki bila kuchemshwa, kumwondolea mtoto kinga hiyo bila sababu ni jambo zito. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya wataalamu wa tumbo la watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba mtoto mchanga anayecheua au kulia tu, huku akiwa mzima, asipewe dawa hizo.

Dawa nyingine zina historia inayotakiwa kutufunza uangalifu. Ranitidini, iliyotumiwa na watoto duniani kote kwa miongo kadhaa, iliondolewa sokoni Marekani Aprili 2020 baada ya kugundulika kuwa na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ile chupa ya kutuliza gesi tunayoijua sote ilianzishwa na William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe na sukari pamoja na magadi na mafuta ya mimea. Pombe imeondolewa, utamu umebaki, na utamu humtuliza mtoto mchanga kwa dakika chache hata kama hauna tiba ndani yake. Kijiko kimoja hakitamdhuru mtoto mzima, ila kinachukua nafasi ya maziwa, na kikigeuka kuwa desturi ya kila baada ya saa mbili, tumbo lile dogo linajazwa kisicholisha.

Basi kifanyike nini? Cha kwanza ni kunyonyesha, maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Hapa ndipo tunapoteleza sana, kwa sababu kilio husomwa kama njaa. "Maziwa hayamtoshi," anasema mama mkwe, na mtoto wa miezi mitatu anaanzishiwa uji mwepesi. Uji huo hauna nguvu inayolingana na maziwa, unaleta vijidudu vya kuhara, na mama anayepunguza kunyonyesha hutoa maziwa pungufu kesho yake, hivyo ule utabiri unatimia. Mtoto anayecheua sana hunufaika zaidi kwa kunyonya kidogo kidogo mara nyingi, na kwa kuhakikisha amelishika ziwa vizuri, kinywa kimefunguka hadi kwenye weusi wa chuchu, ili asimeze hewa. Wanaotumia chupa waangalie kiasi. Wengi hulazimishwa kumaliza kilichobaki.

Kumcheulisha begani baada ya kunyonya ni desturi nzuri ya ukaribu, lakini kusiwe mtihani kwa mama. Jaribio lililofanyika Chandigarh, India, kwa jozi 71 za mama na mtoto halikuona kwamba kumcheulisha kunapunguza kilio, na waliocheulishwa walitema maziwa mara nyingi zaidi. Kumshika wima kwa utulivu nusu saa hivi kunatosha. Kumfunga kwa kanga mgongoni tumbo likiwa limejaa kunalikandamiza, afadhali kusubiri kidogo.

Kulala ni chali, hata kwa mtoto anayecheua. Najua bibi wengi wanaogopa atapaliwa. Mtoto akilala chali, njia ya hewa hukaa juu ya umio, kwa hiyo maziwa yanayopanda yangepaswa kupanda tena ili kuingia kwenye mapafu. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, na hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka. Mito ya kumwinua kichwa haisaidii. Mtoto huteleza, kidevu kikainamia kifuani, na hewa ikaziba.

Lipo kundi dogo ambalo tatizo lake ni protini ya maziwa ya ng'ombe, hata inayopita kwenye maziwa ya mama. Dalili zake ni michirizi ya damu kwenye choo, ukurutu, kutokua vizuri, au pumu na mzio katika ukoo. Hapo mama anaweza kuacha maziwa, mtindi na chai ya maziwa kwa wiki mbili hadi nne, akisimamiwa na mtaalamu, kisha akavirudisha kuona kama dalili zinarudi. Hatua hiyo ya kurudisha husahaulika, na mama aliyekwishapungukiwa lishe anabaki na orodha ya vyakula vilivyokatazwa ambavyo havikuwa na kosa. Na kuhamia maziwa ya mbuzi hakusaidii, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Kwa wale ambao kweli wana ugonjwa, ambao asidi imewachubua umio, wanakataa chakula, wanatapika damu au hawaongezeki uzito, dawa ina nafasi yake na wazazi wasiiogope. Hupewa kwa wiki nne hadi nane kisha hali hutathminiwa. Namna ya kuitoa ina ufundi wake. Ukiifungua kapsuli ya omeprazoli utaona chembe ndogo za mviringo zilizopakwa utando; utando huo ndio unaozikinga zisiharibiwe na asidi kabla ya kufika kwenye utumbo. Ukizisaga kwenye kijiko ili mtoto azimeze kirahisi, umeiua dawa. Zinachanganywa nzima na tunda laini lililopondwa, kwa kipimo alichotoa daktari, nusu saa hivi kabla ya mlo. Wazazi wengi hawaambiwi hili, na dawa inahesabiwa kuwa "imeshindwa".

Kwa watoto waliozaliwa njiti, wenye utindio wa ubongo au sindromu ya Down, na waliofanyiwa upasuaji wa umio, kucheua ni jambo jingine kabisa. Kunaweza kuleta vichomi vya kurudiarudia, chakula kikiingia mapafuni kimyakimya. Wanahitaji kulishwa wakiwa wamekaa wakishikiliwa vizuri, chakula kizito kidogo, mtu mwenye subira, na hospitali ya rufaa kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Wako pia watoto ambao maumivu ya asidi huwafanya wapinde shingo na mgongo kwa namna ya kutisha baada ya kula. Hali hiyo ilielezwa na daktari Marcel Kinsbourne mwaka 1964, na huchukuliwa kwa urahisi kuwa degedege au kifafa. Kumrekodi kwa simu na kumwonyesha daktari picha hizo kunaweza kumwepusha mtoto na miaka ya dawa za kifafa.

Akishapita miaka mitatu, minne, mtoto hulieleza kila jambo kwa maneno yaleyale: tumbo linauma. Kiungulia ni tumbo, njaa ni tumbo, hofu ni tumbo, koo linalouma ni tumbo. Daktari John Apley wa Bristol, Uingereza, pamoja na mwenzake walichapisha mwaka 1958 uchunguzi wa watoto wa shule 1,000 na kukuta kuwa karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na maumivu ya kujirudia, angalau mara tatu katika kipindi cha miezi mitatu au zaidi, makali kiasi cha kumkatisha shughuli zake. Wachache sana walikuwa na ugonjwa unaoonekana. Apley alituachia pia kanuni ambayo kila mzazi anaweza kuitumia: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa unavyoongezeka. Anayeshika kitovu mchana na kucheza jioni ni tofauti na anayeshika ubavu wa kulia chini na kuamka usiku akilia.

Mazingira yetu yanadai tahadhari zaidi ya Bristol. Minyoo ipo, na mtoto kuanzia mwaka mmoja anastahili dawa ya minyoo katika zile kampeni za matone ya vitamini A. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, chenye damu kwenye choo na tumbo linalovimba. Kuna sikoseli: inakadiriwa watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na wengine hugunduliwa baada ya kutibiwa "tumbo" kwa muda mrefu, ilhali macho yao ya njano na vidole vilivyovimba utotoni vilikuwa vikisema. Kipimo chake ni rahisi. Ningependa kila mtoto mwenye maumivu ya kurudiarudia na damu pungufu akipate kabla ya kuandikiwa dozi ya tatu ya metronidazoli.

Vipimo vingine, kinyume chake, vinatumika kupita kiasi. Taifodi ndiyo mfano mkubwa. Kipimo cha Widal huweza kuonyesha "ndiyo" kwa mtu ambaye hana taifodi, kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine, na mtoto mwenye tumbo la siku nyingi bila homa hupewa antibiotiki ambazo hazihitaji. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo kina udhaifu wa namna hiyo. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo na nafasi yake katika vidonda, na ugunduzi wao umeokoa watu wengi. Katika Afrika, hata hivyo, watu wengi humpata wakiwa bado wadogo na hawaugui. Kipimo cha damu kinasema tu mwili umewahi kukutana naye. Vidonda vyenyewe ni nadra kwa watoto, na miongozo ya sasa haishauri kumtafuta bakteria huyo kwa mtoto mwenye maumivu ya kawaida ya kitovu. Mtoto wa miaka sita anayetambulishwa nyumbani kama "mgonjwa wa vidonda", anayekatazwa maharage, chungwa na nyanya, amepewa jina la ugonjwa ambao huenda hana na amenyimwa vyakula anavyovihitaji.

Wakati huohuo, sababu kubwa zaidi inayotibika mara nyingi imelala palepale, na hakuna anayeiuliza: choo kigumu. Mtoto anaweza kwenda kila siku na bado akabaki amejaa. Anatoa kidogo, kama gololi, nguo ya ndani ina madoa, anapigwa kwa uchafu ambao hawezi kuuzuia. Utumbo uliotanuka umepoteza hisia. Tiba yake huchukua miezi. Kwanza ni dawa ya kulainisha choo kama laktulosi, kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha. Halafu maji, dona badala ya sembe, maharage, matembele, papai. Kisha kukaa chooni dakika tano hadi kumi baada ya kifungua kinywa, miguu ikiegemea kitu, kwa kuwa utumbo huamka tumbo linapopokea chakula. Bila haraka na bila kugombezwa. Choo cha shule nacho kinahusika. Viwango vya Tanzania vinataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi ziko mbali na hapo, na mtoto anayeona kinyaa au aibu hujibana kuanzia saa moja asubuhi hadi anaporudi nyumbani. Hakuna sharubati itakayomponya huyo wakati choo kiko vilevile.

Wanabaki wale ambao hawana choo kigumu, minyoo wala ugonjwa. Maumivu yao ni ya kweli. Mishipa ya fahamu inayounganisha utumbo na ubongo imekuwa nyepesi kuhisi, na kujaa kidogo au hofu kidogo husikika kama maumivu makali. Kumwambia anadeka ni kumdhulumu. Kumzunguka na maswali nako kunamuumiza. Katika jaribio la mtafiti Lynn Walker na wenzake, lililochapishwa mwaka 2006, watoto walipata tumbo kujaa baada ya kunywa maji mengi huku wazazi wao wamefundishwa namna ya kuitikia. Wazazi walipoyaelekeza mazungumzo kwenye tumbo, malalamiko yaliongezeka karibu maradufu. Walipowazungumzia mambo mengine kwa upole, yalipungua karibu kwa nusu. Wazazi wenyewe walidhani kuwageuzia mada ndiko kungewadhuru watoto. Mama anayesema, "Pole mwanangu, najua linauma, njoo tuchambue huu mchele pamoja," amefanya tiba. Huko Uholanzi, tiba ya utulivu wa mwili na fikra imewasaidia watoto wengi wa aina hii kuliko matibabu ya kawaida. Hapa kwetu wataalamu wake ni wachache, lakini pumzi ndefu za taratibu, usingizi wa kutosha na kurudi shuleni hata kama tumbo linauma kidogo havihitaji mtaalamu.

Kurudi shuleni kunahitaji kwanza kuuliza shuleni kuna nini. Mtoto anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, tumboni hakuna kitu au kuna chai kavu, atasikia maumivu saa nne. Mwingine anaogopa viboko vya mwalimu wa hesabu. Mwingine ananyang'anywa hela ya kula. Mwingine kuna mtu mzima anayemfanyia jambo asiloweza kulisema, na tumbo ndilo linalosema. Maumivu ya Jumatatu hadi Ijumaa yanayopotea wakati wa likizo ni taarifa, na mzazi aulize faraghani na kwa upole.

Siwezi kuyaacha haya bila kuzungumzia mama. Mtoto anayetapika na kukonda huko kwetu husemwa amebemendwa, yaani wazazi, na hasa mama, wametenda jambo lisilofaa wakati wa kunyonyesha. Nimesikia tuhuma hiyo ikitolewa mbele ya mama mwenye mtoto wa miezi mitano, na sijawahi kuona neno likimvunja mtu namna ile. Mama huyo hatampeleka mtoto kliniki mapema, kwa kuwa kumpeleka ni kukiri. Halali, anaanza kuwaza mabaya, pengine sonona ya baada ya kujifungua imeshamkuta na hakuna anayeijua kwa jina. Baba anayemchukua mtoto saa nane usiku, dada wa kazi anayefundishwa kumshika wima, bibi anayemwambia mkwewe kuwa maziwa yake ni mazuri, hao wanapunguza sehemu ya tatizo ambayo hakuna kapsuli inayoifikia. Na yeyote anayehisi kilio kinamfikisha pabaya amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika kumi. Mtoto aliyelia dakika kumi hadhuriki; mtoto aliyetikiswa kwa hasira anaweza kupata majeraha ya ubongo.

Gharama kubwa ya matatizo haya hutokana na kuhamahama. Zahanati wiki hii, duka la dawa Jumatatu, hospitali binafsi mwisho wa mwezi, na kila pahala hadithi inaanza upya, kipimo kilekile kinalipiwa tena. Mzazi achague mtoa huduma mmoja wa kumrudia. Aende na kadi ya kliniki na daftari la shule la kawaida, lenye wiki mbili za kumbukumbu: maumivu au kucheua kulianza saa ngapi, kulidumu kiasi gani, alikuwa amekula nini, choo kilikuwaje, alilala vipi, siku hiyo kulikuwa na shule au la, na dawa zote alizokwishapewa, za hospitali na za mitishamba, bila kuficha. Daktari mwenye wagonjwa hamsini kwenye benchi hawezi kuyapata hayo kwa maswali ya dakika tano. Akiyakuta yameandikwa, dakika zake tano zinatosha kumpima mtoto tumbo kwa mikono, kuchora nukta kwenye kadi na kupanga tarehe ya kurudi.